Fensi yenye nyumba tatu Chamazi, milioni 62: nikague nini kabla sijatoa hela?

Sista_wa_Zamu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi hapa Dar, sijawahi kununua hata kiwanja. Dalali amenipeleka Chamazi: fensi moja, nyumba ndogo tatu, kila moja chumba, sebule, jiko na choo ndani. Bei milioni 62, "maongezi yapo". Anasema kila moja inakwenda 150,000 kwa mwezi, wanalipa miezi sita sita. Mbili zina watu, moja tupu. Muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa, hati eti iko kwenye mchakato. Rangi mpya, malumalu safi. Nianzie wapi?

Kijana_Goba: Weka kwenye hati fungani za serikali, unaikopesha serikali inakulipa riba, ulale. Milioni moja tu unaanza, na hazizibi choo saa nane usiku.

MzeeWaFensi: Kijana hajakosea, ila dada kauliza nyumba.

Anza na ile tupu. Aliyehama alikuwa analipa ngapi, na kwa nini alihama? Hayo usimuulize dalali. Gonga kwa wapangaji waliomo, muulize na mama wa genge nje. 150,000 mara tatu ni 5,400,000 kwa mwaka, karibu asilimia 8.7 ya milioni 62. Inavutia. Sasa fanya wanalipa 120,000: unabaki na 4,320,000, haifiki hata asilimia 7, na hapo nyumba haijakaa tupu mwezi hata mmoja wala TRA hajachukua chake.

Rangi mpya mimi hunipeleka nyuma ya nyumba. Pitisha kiganja ukutani usawa wa goti. Lipu ikimomonyoka na kukuachia unga mweupe, kuna maji yanapanda. Tazama na majirani: aliyejengea tofali kwenye kizingiti cha mlango, aliyepanga viroba vya mchanga, hao wanajua masika yanakuwaje hapo. Rudi mvua ikinyesha, hata kwa bodaboda.

Luku ni mita ngapi? Mita moja kwa familia tatu ni ugomvi kila wiki, na hakimu ni wewe. Kodi ya jengo nayo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye Luku, mpangaji mjanja atakudai umrudishie.

Wakili_Msomaji: Karatasi ya mtaa inaonyesha mwenyekiti alishuhudia mauziano, basi. Omba namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uone kama mchoro wa mipango miji unasema makazi au eneo la wazi, na barabara inapita wapi. Hati ikitoka, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati. Rehani ya benki utaiona huko. Muuzaji ana mke? Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Mwambie mke asaini hata kama hawaishi hapo. Kama ni ya urithi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, si kaka mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa.

Sista_wa_Zamu: Asanteni sana. Leo nimepita peke yangu nikitoka zamu. Mama wa nyumba ya kati analipa 130,000. Mita ni moja, na yeye na mpangaji mwenzake hawasalimiani kwa sababu ya friji ya mmoja wao. Nyuma rangi mpya imeishia chini ya dirisha, juu ni ile ya zamani. Namba ya kiwanja muuzaji anasema "nitakutumia".

MzeeWaFensi: Hiyo rangi ya nusu ukuta, dada, mpeleke fundi wako aikwangue mbele ya muuzaji. Kama ni unyevu tu na si mafuriko, taja milioni 50, mita mbili za ziada aziweke yeye. Atanuna, atarudi. Na dalali akikuomba advansi ya kuizuia, mwambie unasubiri namba ya kiwanja.

Sista_wa_Zamu: Ameshaomba. Laki tano. Nimemjibu hivyo hivyo.