Naenda Guangzhou mara ya kwanza, mtaji mdogo: nile wapi, ninunue vipi?

Mama Nguo wa Makoroboi
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Nina kaduka ka nguo za watoto hapa Makoroboi, Mwanza. Miaka minne nachukua mzigo Kariakoo kwa watu wa jumla, sasa nimejikusanya, nataka niufuate mwenyewe China. Nawaza kuondoka katikati ya Oktoba, siku 8. Tiketi bado sijakata.

Mtaji si wa kuchezea. Kila nitakachokula kule ni nguo ambayo sitarudi nayo. Nimefikiria nibebe biskuti na karanga, halafu mlo mmoja tu kwa siku. Mimi Mwislamu, nguruwe sili, na Kichina sijui hata salamu. Naombeni mwongozo: chakula cha bei nafuu nakipata wapi, na sokoni nifanyeje nisipigwe?

Mzee wa Kontena
Marahaba mwanangu. Kabla ya chakula, badilisha tarehe. Kuanzia Oktoba 1 hadi 7 China iko kwenye sikukuu ya taifa, viwanda vingi vinafunga. Oktoba 15 yanaanza Maonesho ya Canton, yale maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, hayaishi mpaka mapema Novemba. Wanunuzi wa dunia nzima wanamiminika pale pale unapokwenda wewe na vyumba vinapanda bei vibaya sana. Subiri yaishe. Utakachookoa kwenye chumba peke yake kitakulisha siku zako zote 8.

Binti Sokoni
Dada, hilo la mlo mmoja lifute kabisa. Safari yangu ya kwanza nilifanya hivyo hivyo. Siku ya tatu, saa nane mchana, nimezunguka tangu alfajiri, kichwa kinagonga, miguu imevimba. Nikaingia duka la mwisho nikachukua magauni 60 bila kufungua hata pakiti moja, ilimradi nirudi nikalale. Nimefika Dar, zipu za nusu yake hazifungi. Ile hasara ingenilisha mwezi mzima kule.

Sasa sikiliza. Hifadhi maandishi haya kwenye simu yako: 清真. Maana yake chakula halali. Ukiwa Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, hutembei sana kabla hujayaona kwenye kibao. Mara nyingi ni vijihoteli vya tambi vya Waislamu wa kaskazini-magharibi ya China, wapishi na kofia zao nyeupe. Tambi inavutwa mbele ya macho yako: anapiga donge la unga mezani, analivuta, analikunja, anavuta tena, mpaka linakuwa nyuzi nyembamba, zinaingia kwenye sufuria linalochemka. Bakuli kubwa na supu ya ng'ombe ni kama yuani 15 hadi 20, na ukilimaliza hutaki kitu mpaka jioni. Picha za vyakula ziko ukutani, unanyooshea kidole. Pilipili iko mezani, unajiwekea mwenyewe.

Asubuhi utaona mikate ya mvuke inauzwa kila kona, myeupe, inavutia. Iache, mingi ina nguruwe ndani. Chukua mayai ya kuchemsha na maziwa ya soya. Hoteli nyingi zina birika la umeme chumbani, kwa hiyo beba majani ya chai na chupa yako ya chai. Karanga zako zikiwa za kukaanga sawa, ila nyama, maziwa na matunda usibebe, forodha wanachukua.

Ugali upo Xiaobei kwenye migahawa ya Waafrika, lakini bei yake si ya kula kila siku. Mimi nakula siku ya mwisho, mzigo ukishafungwa.

Kijana wa Ilala
Naongezea malipo, maana hapo wengi wanakwama. Kule hata muuza viazi vya kuchoma barabarani anataka umlipe kwa simu. Noti wanapokea, ila chenji inasumbua. Pakua Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, ukiwa bado Mwanza, sajili pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, na uwaambie benki kwamba unasafiri wasije wakaifunga. Kwa kadi ya nje, malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato, juu ya hapo unakatwa asilimia 3. Kwa hiyo chakula na treni lipia kwa simu, mzigo lipia kwa noti.

WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kule, basi pakua kabisa programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila mtandao.

Na teksi za nini dada? Treni ya chini ya ardhi inaanzia yuani 2. Panda stesheni ya Xiaobei, laini namba 5, ushuke Zhongshanba. Hubadilishi popote, na soko la jumla la nguo za watoto liko hapo hapo.

Mama Nguo wa Makoroboi
Mungu awabariki, nimeandika yote kwenye daftari. Biskuti nimeziacha. Sasa hapo Zhongshanba, naweza kuchukua nguo mbili mbili za kila aina nijaribu soko?

Binti Sokoni
Mbili mbili utauziwa kwa bei ya rejareja, au watakukatalia kabisa. Wanauza kwa "mkono", yaani seti ya saizi zote za rangi moja. Na saizi zenyewe si za umri, ni urefu wa mtoto kwa sentimita: 90, 100, 110, 120. Hapo ndipo wageni wanapoumia. Kabla hujaondoka, chukua futi ya fundi upime watoto wa wateja wako, uandike umri na urefu.

Bei mnaongea kwa kikokotoo. Anabonyeza yake, unabonyeza yako. Siku ya kwanza usinunue, uliza bei tu na uandike namba za maduka. Kichwani mimi yuani moja naihesabu shilingi 400 hata benki ikiwa chini ya hapo, ili faida nisijidanganye.

Mzee wa Kontena
Na mzigo ukifika kwa wakala wa kargo, uhesabu mwenyewe, piga picha kila gunia kabla halijashonwa. Risiti iandike idadi, isiandike "nguo" tu.

Mama Nguo wa Makoroboi
Nimekata tiketi ya Novemba 8. Futi ninayo, leo nimeshapima watoto 11 dukani. Kuna dada yeyote anayekwenda wiki hiyo tuchangie chumba?

Binti Sokoni
Mimi naingia tarehe 10. Nitumie ujumbe.