Naomba ushauri: jina la mdogo wangu, askari aliyeuawa akiwa nje ya zamu

Ndugu zangu, kwa heshima naomba ushauri. Mdogo wangu, aliyekuwa askari polisi Marekani, aliuawa mwaka jana akiwa nje ya zamu, alipoingilia kati uporaji katika duka alikokwenda kununua maziwa. Viatu vyake vya kazi, ambavyo bado vinanukia kiwi, vilirudi na mizigo yake, na mama ameviweka mlangoni pake hapa Tanga.

Tunatamani jina lake lichongwe kwenye mnara wa kitaifa wa askari polisi waliofia kazini, jijini Washington, uliozinduliwa mwaka 1991, ambako majina mapya husomwa kwa mishumaa kila tarehe 13 Mei. Kituo chake kimetuandikia kwamba hakuwa kazini. Kwa maoni yangu, askari anayemkinga mwenye duka anatimiza kiapo chake hata akiwa amevaa kandambili. Tumeomba nakala ya ripoti ya tukio, mara mbili, na hatujajibiwa.

Je, aliyewahi kufuatilia jambo kama hili alitumia ushahidi gani kuthibitisha kwamba marehemu alichukua hatua ya kipolisi? Na hitma ya mwaka, kwa kuwa kaburi liko mbali, tuisome nyumbani sasa au tungoje uamuzi kuhusu jina lake?