Tupeane uzoefu: mtoto anakataa mboga za majani, wewe ulifanyaje?

Mama Vurugu
Wanajamvi habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma. Kijana wangu ana miaka mitatu na nusu, akiona lengalenga kwenye sahani anaziba mdomo kwa mikono miwili. Jana baba yake kaweka fimbo pembeni ya sahani. Akala, akalia, akatapika. Wenzangu mnafanyaje?

Mjukuu wa Ujiji
Pole dada. Mimi nimelelewa na bibi. Sombe yake (kisamvu) ya mawese na dagaa ilitengwa kwenye sinia moja, ugali wa muhogo, wajukuu sita tumezunguka. Ukisusa, shauri yako, wenzako wanamaliza. Bibi hakubembeleza, hakukaripia, na hakupika kingine. Kesho sombe ipo tena. Nilikuwa nachovya tonge kwenye rojo tu, majani namsukumia kaka. Sikumbuki niliacha lini kumsukumia.

Nilipozaa nikasahau yote hayo. Mwanangu akigoma, namkaangia yai. Mwezi haukuisha, akawa anauliza "yai langu liko wapi?" hata sijapakua! Nesi wa kliniki ndiye aliyenishtua: chakula kigeni mtoto anaweza kukionja mara 8 hadi 15 ndipo akizoee. Mimi nilikuwa nakata tamaa mara ya pili. Sasa naweka kijiko kimoja, nakula mbele yake, nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu jamani. Wiki ya tatu akaokota jani moja, akalitafuna huku ananitazama, akaendelea na ugali wake.

Mnyamwezi Mstaafu
Isevya, Tabora, miaka ya themanini. Mlenda niliula kwa bakora. Leo nina wajukuu, na mlenda ukipikwa nakula kwa jirani. Mama Vurugu, swali moja: huyo mwenye fimbo, yeye lengalenga anakula?

Mama Vurugu
😂 Hata kuionja haionji. Anachagua samaki, mgebuka.

Mnyamwezi Mstaafu
Basi mtoto kamfuata baba.

Dada wa Kibirizi
Mboga ikichemshwa mpaka ikafifia hata mimi siili. Tia mawese kidogo, kitunguu, karanga za kutwanga. Tena mawese yale mekundu yana kitu ambacho mwili unakigeuza vitamini A. Mwachie na achambue majani mwenyewe, wangu anakula alichokichambua.

Kasulu Moja
Mnasifia sinia la bibi, lakini wale watoto walikuwa na njaa! Wa siku hizi saa kumi kashapewa soda na biskuti, saa moja usiku mnashangaa hali chakula.

Mama Vurugu
Kasulu Moja umenipata, biskuti ni mimi.

Mrejesho, siku ya nne. Biskuti hakuna, fimbo nimeitia jikoni kuni. Baba nimempakulia lengalenga ya karanga mbele ya mwanawe, kaila huku kakunja uso. Mtoto hakula. Ila mdomo hakuziba, na kamuuliza baba yake, "chungu?"