Mafuta ya karafuu ndani ya chai, na jino la mtoto

Asalaam aleikum jamaa. Karafuu zinasifiwa kwa kuzuia oksidisheni mwilini, yaani kukinga chembe za mwili zisiharibike. Je, badala ya karafuu zenyewe, mtu anaweza kudondoshea mafuta yake kwenye chai? Na mtoto akiumwa jino?
— Leicester

Waalaikum salaam. Chai ya karafuu sawa, mafuta usiyanywe. Karafuu kavu moja ina kama gramu 0.1, na yujenoli yake, ile inayotia ganzi, ni kama miligramu 15. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, wanakubali miligramu 2.5 za yujenoli kwa siku kwa kila kilo ya mwili, yaani 150 kwa mtu wa kilo 60. Karafuu tatu kwenye birika hazifiki huko. Mililita moja ya mafuta ina miligramu 800 au zaidi, na kijiko cha chai ni mililita 5. Piga hesabu.

Hiyo sifa ya kuzuia oksidisheni ni ya kweli, ila zaidi ni ya maabara. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la ORAC, kipimo cha maabara cha nguvu ya chakula kuzuia oksidisheni, mwaka 2012, kwani namba zile hazikuonyesha kinachotokea mwilini.
— Toronto

Kwa mtoto, hapana kabisa. Mililita 5 hadi 10 za mafuta haya zimeshawapoteza fahamu watoto wadogo na kuwaharibu ini, kama paracetamol iliyozidi. Akinywa, msimtapishe. Marekani pigeni kituo cha sumu 1-800-222-1222, Uingereza 111. Akilegea au akipumua kwa shida, 911 au 999. Chupa mwende nayo.

Mtu mzima: tone moja ndani ya kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa tundu la jino tu, mate tema. Yakiwa matupu yanaunguza ufizi. Huko ni kutuliza hadi umwone daktari wa meno, kwa sababu usaha chini ya jino hauondoki kwa ganzi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Na msimimine kwenye kikombe cha plastiki cha povu, kinayeyuka.
— Birmingham

Mkinunua karafuu, chukueni nzima. Bonyeza kichwa kwa ukucha, mafuta yatoke. Tia majini: nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa hulala ubavu juu ya maji. Ya unga ni kamari, maana makonyo (vijiti vya karafuu) yaliyosagwa huchanganywa humo, na makonyo Pemba ni ya kupeleka kiwandani kukamuliwa mafuta.
— Muscat