Wenye migahawa ya kahawa mnatupiga wasafiri: hii mnayotuuzia si espreso

Wakuu, nisizunguke mbuyu. Migahawa inayoishi kwa wasafiri, ya viwanja vya ndege, ya stesheni za treni, ya lobi za hoteli na ya mitaa ya watalii, inatuuzia uchafu na kuuita espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayokamuliwa kwa maji ya moto yenye msukumo, na inafanya hivyo kwa kujua. Mkazi wa mtaani akinyweshwa kahawa mbovu leo, kesho hakanyagi tena hapo na majirani zake atawaambia. Mimi na wewe wenye mabegi tunalipa, tunameza, tunawahi usafiri. Mwenye mgahawa analijua hilo vizuri, ndiyo maana kahawa yetu inatengenezwa bora liende.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba espreso si kitu cha kubahatisha. Angelo Moriondo aliandikisha hataza ya mashine yake ya mvuke kule Turin mwaka 1884. Luigi Bezzera wa Milan akaja na yake mwaka 1901, ya kumtengenezea kila mteja kikombe chake hapo hapo anaposubiri. Mashine zile zilisukuma maji kwa mvuke, kwa hiyo msukumo ulikuwa mdogo na kahawa ilitoka na ladha ya kuungua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Achille Gaggia akaingiza sokoni mashine ya mkono wenye springi, iliyosukuma maji kwa nguvu kubwa mno kuliko mvuke, na hapo ndipo watu walipoanza kuiona krema, lile povu laini la kahawia juu ya kikombe. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa E61, yenye pampu ya umeme inayotoa msukumo wa baa 9 (baa ni kipimo cha msukumo) bila mtu kuvuta chochote. Yaani kazi ngumu ilishamalizwa na watu wengine zaidi ya miaka 60 iliyopita! Waitaliano wana hadi taasisi, Istituto Espresso Italiano, zamani ikiitwa Istituto Nazionale Espresso Italiano, iliyoweka vipimo kwenye maandishi: gramu 7 za kahawa, baa 9, sekunde 25 hivi, na kikombeni mililita 25 pamoja na krema yake. Wengine siku hizi wanaweka gramu 18 na kutoa gramu 36 za kinywaji. Sina ugomvi nao, kwa sababu wamepima. Ugomvi wangu ni na huyu asiyepima chochote.

Ngoja niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu kwenye uwanja mmoja wa ndege, nikiwa nasubiri kuunganisha safari. Mashine kubwa ya vichwa vitatu vya kutolea kahawa, inang'aa, imewekwa mbele kabisa ili kila anayepita aione. Nikasimama pale kaunta makusudi niangalie. Kijana akavuta kitasa cha mashine ya kusagia, ile aina yenye chumba cha kuhifadhia unga kwa mbele, ukadondoka kwenye kichujio unga uliokuwa umeshasagwa na kulala humo tangu saa anazozijua yeye. Hakupima. Akasawazisha kwa kidole, akashindilia upande mmoja ukazama kuliko mwingine, akakifunga kichujio kwenye mashine bila kumwaga maji kwanza kusafisha mabaki ya kikombe kilichopita. Akabonyeza kitufe, akageuka kupokea oda nyingine. Kahawa ikatoka mbio kama bomba lililopasuka, rangi ya chai, ikajaa kikombe kabla sijatoa simu mfukoni nihesabu sekunde. Juu kulikuwa na mapovu makubwa makubwa yaliyokwisha kabla kikombe hakijanifikia.

Nikamwambia kwa upole kwamba unga umesagwa mkubwa mno, asage laini kidogo anitengenezee upya. Akanijibu kwamba mashine ya kusagia haruhusiwi kuigusa, imesetiwa na fundi. Fundi anakuja lini? Hajui.

Kijana simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyemwajiri, aliyemwaga pesa kwenye mashine kisha akamwonyesha mtoto wa watu kitufe kimoja na kumwacha atukanwe na wateja siku nzima. Kumkataza barista, yaani mtengeneza kahawa, kugusa mashine ya kusagia ni kumkataza kufanya kazi yake. Kahawa inabadilika, jamani! Hewa ikiwa na unyevu inabadilika, mfuko ukikaa wazi inabadilika, mashine ikipata moto baada ya foleni ndefu inabadilika. Unga uliotoa kikombe kizuri asubuhi unaweza kutoa maji matupu mchana. Ukisaga mkubwa, maji yanapita haraka, unapata kitu chepesi, kichachu, kisicho na uzito mdomoni. Ukisaga laini kupita kiasi, inadondoka tone tone na kutoka chungu mpaka ulimi unakakamaa. Ndiyo maana barista anayejua kazi hutengeneza vikombe vya majaribio kabla ya kufungua mlango, anaonja, anamwaga, anarekebisha, na mchana anarudia tena. Hili halihitaji mtaji mpya. Linahitaji mtu mwenye ulimi na ruhusa ya kuutumia.

Na huo unga wa kusaga mapema na kuuweka akiba! Kahawa ikishasagwa, harufu yake inaanza kukimbia ndani ya dakika chache. Mnaokoa sekunde ngapi kwa kuturundikia unga humo? Ukiona mashine ya kusagia haijanguruma tangu uagize, ujue unachosubiri kililala.

Punje zenyewe nazo ni kilio kingine. Kahawa ikitoka kukaangwa ina gesi ya kaboni dioksidi ndani yake, na gesi hiyo ni sehemu kubwa ya kinachoijenga krema. Inahitaji kupumzishwa siku kadhaa, kisha ina majuma machache ya ubora wake, halafu inachakaa. Sasa geuza mfuko uliopo kwenye rafu zao utafute tarehe ya kukaangwa. Hakuna. Kuna tarehe ya mwisho wa matumizi tu, ambayo inaweza kuwa mwaka mzima mbele au zaidi, na haikuambii lolote kuhusu lini ilitoka kwenye moto. Halafu kahawa ikishachakaa, dawa yao ni kununua iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta, kwa sababu ikiungua vya kutosha haijulikani tena kama ni mpya au ya zamani. Yote ina ladha moja ya majivu.

Usafi sitauongelea sana maana nitatukana. Mafuta ya kahawa yanaganda kwenye vichujio na vichwa vya mashine, yanavunda, na kila kikombe kinachopita hapo kinabeba ule uvundo. Kusafisha kwa sabuni yake maalumu jioni ni kazi ya dakika chache. Angalieni pia bomba la mvuke la kuchemshia maziwa: likiwa na gamba la maziwa yaliyokaukia, geuza miguu uondoke. Mtu asiyepangusa bomba linaloonekana na kila mteja hawezi kusafisha kichwa cha mashine ambacho hakionekani.

Hoteli ndiyo kabisa. Kimashine cha vitufe kwenye ukumbi wa kifungua kinywa, kimoja kimeandikwa espreso, unabonyeza kinakujazia nusu kikombe cha maji ya kahawia. Mtu kalipia chumba cha gharama anapewa hicho.

Upande wa pili wapo wale wa migahawa ya kisasa, wanaojua tarehe ya kukaangwa, wanajua shamba na hata mwinuko wa mlima. Hawa nilikuwa nawategemea, na ndio wanaoniumiza roho zaidi. Unaletewa kikombe kichachu mpaka macho yanafumba, ukiuliza unaambiwa hizo ni ladha za matunda, ulimi wako haujazoea. Hapana! Kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu kuikamua, inataka kusagwa laini zaidi, maji yenye joto la kutosha, na mara nyingi maji mengi zaidi kwa kiasi kile kile cha unga. Usipofanya hivyo uchachu unatoka na utamu unabaki kwenye kichujio. Matunda yaliyoiva yana utamu, na nimeshakunywa espreso za kahawa ya namna hiyo zilizonifanya nikae kimya dakika nzima. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sijazoea. Rekebisha mashine yako.

Najua kuna atakayekuja hapa kusema agiza ya maziwa upite zako. Hapo ndipo wanapotukamatia. Maziwa, sukari na sharubati za vanila vinafunika kila kosa, na kwa kuwa wateja wengi wanaagiza hizo, mgahawa unaweza kufanya kazi mwaka mzima bila mtu hata mmoja kuionja espreso yenyewe. Anayeagiza espreso tupu anaonekana msumbufu, wakati yeye ndiye pekee anayeionja kazi yao bila kufunikwa.

Mwingine atasema nenda Italia. Nako kuna kahawa mbovu, hasa mitaa iliyojaa watalii. Ila kuna kitu baa zao za kawaida zinatufundisha: watu wanakunywa wamesimama, kikombe baada ya kikombe, kuanzia alfajiri. Mfuko wa kahawa haupati muda wa kuchakaa na mashine ya kusagia haipoi. Kwa hiyo nikifika mji nisioujua, naacha mgahawa wenye makochi na kutafuta kaunta ndogo yenye foleni ya watu wanaowahi kazini, wanaokunywa espreso yenyewe. Mara nyingi hapo napata kitu cha maana, hata kama mashine ni kuukuu.

Na nyie mnaoandika maoni kwenye ramani za simu, nyie ni sehemu ya tatizo. Nyota tano kwa sababu ya mito ya viti, mimea inayoning'inia na kasi ya intaneti. Ua zuri lililochorwa kwenye maziwa. Msafiri anasoma "kahawa tamu sana", anatembea na begi lake mwendo wa nusu saa, anakuta uchafu ule ule. Mnawapa hawa watu leseni ya kuendelea kutupiga.

Sasa naomba uzi huu uwe na maana. Ukitaja mgahawa hapa, taja mji na mtaa, sema kama uliwaona wakisaga baada ya wewe kuagiza, sema kama mfuko una tarehe ya kukaangwa, na sema kama ulichokunywa ni espreso tupu. Kama ulikunywa ya maziwa na karameli, tafadhali usiuweke, nitauondoa kwenye orodha. Nina safari nyingine wiki ijayo na sitaki kupitia haya tena.

Na nyie wenye migahawa mliomo humu, najua mpo na mnasoma. Jibuni kwa majina yenu ya humu humu: mara ya mwisho kuonja espreso inayotoka kwenye mashine yenu, bila sukari wala maziwa, ilikuwa lini?