Tupeane uzoefu: buti za kupandia Kilimanjaro unazichaguaje?

Wakuu, tupeane uzoefu wa buti tu, kwa vipimo. Naanza na saizi.

Nenda dukani jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na soksi ileile ya sufu utakayovaa usiku wa kileleni. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Kisipoingia, ongeza saizi; vikiingia viwili, punguza. Kutoka 42 hadi 43 ni kama milimita 6.7 tu, lakini hizo ndizo zinazookoa kucha. Buti fupi haikusumbui ukipanda. Inakusumbua ukiteremka kutoka kambi ya Barafu, karibu mita 4,670, hadi geti la Mweka, karibu 1,640: kidole gumba kinagonga mbele kila hatua, na kucha inakuwa nyeusi. Kwa hiyo funga kamba, simama kwenye mteremko au ngazi, ukanyage kwa nguvu. Vidole vikigusa, iache.

#2
Kisigino kikicheza, usibane kamba yote. Pale mguu unapokunjia, zungushia kamba mara mbili badala ya moja, vuta, kisha endelea juu. Kisigino kinatulia na vidole vinabaki huru. Usiku wa kileleni watu huvaa soksi mbili nene na kubana. Damu haifiki vidoleni na baridi inazidi. Nene moja juu ya nyembamba inatosha. Za pamba hapana, zinashika jasho na kuleta malengelenge.

#3
Ugumu: shika buti kisigino na ncha, ikamue kama nguo. Ikijisokota kirahisi, unyayo utachoka kwenye mawe ya ukuta wa Barranco. Ikunje: ikunjike kwenye mzizi wa vidole, siyo katikati. Isiyokunjika kabisa ni ya kufungia meno ya chuma kwenye barafu. Kwa njia ya Machame au Marangu itakuchubua bure.

#4
Mnaonunua buti za mtumba pale soko la Memorial, Moshi, tafadhali sikieni hili. Ngozi inaweza kung'aa na soli ikawa imeshaoza. Angalia tabaka la kati, lile kama sponji juu ya mpira wa chini. La poliyurethani huharibiwa na unyevu wa hewa hata buti ikikaa kabatini, mara nyingi miaka 5 hadi 10 tangu itengenezwe. Libonyeze kwa ukucha, kisha kunja buti. Likimeguka kama keki kavu, au ukiona nyufa ndogondogo, rudisha. Fundi akipaka gundi mpya haisaidii, kwa sababu kinachovunjika ni sponji yenyewe, na soli itabanduka ukiwa njiani.

#5
Zikilowa msituni, toa soli za ndani, jaza magazeti, badilisha yakishalowa. Usizianike karibu na jiko la mpishi: gundi inalegea, ngozi inakakamaa. Na pale Barafu zilale ndani ya hema, maana zikiachwa nje na unyevu zinaganda, na saa tano usiku mguu hauingii.