Ushauri: kugeuza mabehewa ya HOm kuwa treni ya kijeshi ya Voi–Maktau, 1915

Reli_Nyembamba

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kabla sijashika kisu.

Shemeji yangu aliyeko Ujerumani amenitumia kifurushi cha vitu vya mtumba vya Bemo (kampuni ya treni za modeli), skeli ya HOm, yaani 1:87 kwa reli za mita moja. Kuna mabehewa manne ya abiria ya reli ya Uswisi: mawili mafupi ya ekseli mbili yenye kibaraza kila mwisho, na mawili marefu mekundu ya boji (vigari vya magurudumu manne chini ya kila mwisho). Kuna pia mabehewa matatu ya wazi ya mizigo. Kichwa cha mvuke ninacho tayari, na reli ya mm 12 nimeshaitandika kwenye ubao wa mita mbili na nusu.

Sitaki milima ya Uswisi. Mimi ni mtu wa Mombasa na nataka njia ya kijeshi ya Voi kwenda Maktau, Vita vya Kwanza. Nilichofikiria ni kuyavika yale mabehewa manne vibao vya chuma pande zote, kuacha matundu ya bunduki, kuweka kanuni (mzinga) moja juu ya paa na kupaka kijivu. Je, nitakuwa karibu na ukweli? Na hivyo vibao vya chuma natengenezaje kwa pesa ya kawaida?

Mkaguzi_wa_Njia

Karibu mkuu. Kwanza hongera kwa kuchagua skeli inayokubali. Mm 12 mara 87 ni mm 1,044, na Reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa, ilikuwa ya mita moja kamili. Hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo.

Ila huo mpango wa kuvika chuma mabehewa yote manne uuache. Hayo ni mawazo ya treni za kivita za Urusi. Fikiria njia yenyewe ilijengwa kwa nini. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na kutoka huko vikosi vyao vidogo vilikuwa vikikatiza nyika kwa miguu kuja kutega baruti kwenye reli ya Mombasa–Nairobi. Waingereza wakaamua kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi ili jeshi lisogee pamoja na maji na chakula chake. Kazi ilifanywa kwa sehemu kubwa na vikosi vya reli vya jeshi la India, na Juni 1915 reli ikawa imefika Maktau. Hiyo ni njia ya mizigo. Treni ya kawaida pale ilibeba maji, mataruma, vyuma vya reli, chakula cha nyumbu, risasi, na watu waliokaa juu ya hivyo vyote. Behewa la abiria lilikuwa moja, pengine hakuna kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu: yale mekundu ya boji yaweke kabatini au uyauze. Kama ni yale ya Einheitswagen (mabehewa sanifu ya Uswisi), ni ya kuanzia miaka ya 1960, na hata ukiyapaka matope yatabaki kuwa ya miaka ya 1960. Yale mafupi ya ekseli mbili ndiyo mali. Umbo lake ni la zamani, na ukiyatoa nembo na kuyabadilisha paa yanapita.

Ukifika Nairobi pita makumbusho ya reli. Behewa namba 12 alimotolewa ofisa wa polisi Ryall na simba pale Kima mwaka 1900 bado lipo. Usihangaike sana na hadithi ya simba. Angalia mbao zilivyopangwa, ukingo wa paa, urefu wa dirisha kutoka sakafuni, na uje na futi ya kupimia.

Chubwi_Tanga

Nimefurahi kuona uzi huu, sisi wa metageji (reli ya mita moja) tuko wachache. Naongeza moja ambalo Mkaguzi hakuligusa: mpangilio wa treni.

Kwa sababu ya ile baruti, kichwa hakikutangulia. Mbele yake kilisukuma behewa moja au mawili ya wazi yaliyojazwa mchanga, ili baruti ikilipuka ilipuke chini ya mchanga. Wajerumani nao wakatafuta njia ya kuufanya mtego usubiri ekseli kadhaa zipite kwanza, ndipo ulipuke chini ya kichwa. Ukiweka hayo mabehewa ya mchanga mbele, mtu yeyote anayeijua vita hii ataitambua treni yako kabla hajaona bunduki.

Sasa tatizo la kimodeli. Behewa jepesi likisukumwa kwenye kona linapanda reli na kuanguka, hasa la ekseli mbili. Lijaze uzito chini ya mchanga. Mimi natumia chubwi za nyavu, zile ndogo za madini ya risasi, nazipondaponda kwa nyundo hadi ziwe bapa, nazigandisha sakafuni kwa gundi, kisha nafunika kwa kadibodi na kumwaga mchanga juu yake. Osha mikono, risasi ni sumu. Uzito ukae katikati na chini, usiulundike upande mmoja. Halafu jaribu kusukuma kwa mwendo wa chini kabla hujapaka rangi yoyote.

Kijana_wa_Bandari

Mkuu usiache kanuni! Ile ya manowari Königsberg pale Fort Jesus ingependeza juu ya behewa. Uko nayo hapo hapo mjini, nenda kapige picha.

Mkaguzi_wa_Njia

Mdogo wangu, ile ilikuwa ya adui. Königsberg iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, Wajerumani wakaopoa mizinga yake kumi ya sm 10.5 na kuitengenezea magurudumu kwenye karakana ya Dar es Salaam. Mmoja uliachwa Kahe walipopigwa Machi 1916. Kwa hiyo juu ya treni ya Waingereza mwaka 1915 haupo. Halafu pima: mtutu ni wa mita 4.2, kwa skeli hii ni mm 48. Kibehewa cha ekseli mbili kitaonekana kama mwiko uliowekwa juu ya kikombe.

Bunduki ya mtombo (bombomu), yaani Maxim, ndiyo iliyofaa. Moja, nyuma ya magunia ya mchanga. Basi.

Ila Reli_Nyembamba, ukitaka kisingizio cha huo mzinga baadaye, tengeneza treni ya Usambara, Tanga–Moshi. Nayo ilikuwa ya mita moja, reli yako haibadiliki.

Reli_Nyembamba

Mkaguzi umenivunja moyo kisha ukaniunga. Sawa. Basi mchanga mbele mabehewa mawili, kichwa, na behewa la tatu la wazi nilifanye la ulinzi. Hayo mafupi mawili ya abiria niyafanyeje? Na bado sijajibiwa kuhusu vibao vya chuma.

Dada_Riveti

Kaka, mimi nafanya plastiki na karatasi tu, reli nyie mnaijua zaidi.

Behewa la ulinzi: usilifunike lote. Kata plastiki bapa ya mm 0.25, iwe ndefu kuliko ubavu kwa milimita moja kila upande, isimame juu ya ukingo wa behewa kiasi cha mm 8 hivi. Hiyo ni kama sentimita 70 za kweli, ukijumlisha na ubavu wenyewe askari aliyepiga goti anafichika. Usitumie kipande kimoja. Tumia vipande vitatu vinavyopandana kidogo, maana karakana ilitumia vyuma vilivyokuwepo, na penye kiungo ndipo jicho linaposimama.

Riveti: nenda kwa fundi saa, mwombe gia moja ya saa mbovu. Ichomeke kwenye kijiti ili izunguke, weka plastiki juu ya gazeti lililokunjwa, ongoza kwa rula na uiviringishe ukikandamiza. Upande wa pili vitatokea vinundu vidogo vimejipanga. Yaani hapo ndipo furaha yote ya kazi hii ilipo. Kile kigurudumu cha fundi cherehani usikijaribu, meno yake yako mbali mno kwa skeli hii.

Matundu ya bunduki yatoboe kwanza kwa sindano ya moto, kisha yanyooshe kwa tupa ndogo bapa. Kama mm 1 kwa 3 inatosha.

Magunia ya mchanga: pata ile putti ya epoksi ya kuchanganya mbili, inayouzwa kwa mafundi bomba. Viringisha uzi mnene wa mm 3, kata vipande vya mm 6, vibonyeze vikiwa bado laini ili kila gunia lilalie la chini yake, na gandamiza kitambaa cha chachi juu kupata alama ya mfuma. Panga kama matofali. Gunia lililo mviringo kama soseji linaonyesha mtu hakuwahi kubeba gunia.

Kutoa rangi nyekundu na nembo za Uswisi: fungua behewa, toa vioo na magurudumu, tumbukiza bodi kwenye spiriti ya aisopropili, ile wanayouza duka la dawa. Acha saa chache, sugua kwa mswaki. Jaribu kwanza ndani ya sakafu pasipoonekana. Petroli na tina ya rangi ni marufuku, plastiki inayeyuka ukiiangalia.

Mtaita_wa_Mwatate

Nyie mnaongelea nyumbani kwetu, siwezi kunyamaza. Reli hiyo inapita hapa Mwatate, Bura, hadi Maktau, na ukiwa na macho unaona tuta lake wazi.

Kuhusu mabehewa mafupi mawili, kata moja. Samahani lakini ndiyo. Ondoa kuta zote hadi kwenye chasisi, ubaki na behewa bapa, uweke matangi ya maji. Toka Bura kwenda magharibi nchi ni kavu kabisa. Walilazimika kuvuta bomba la maji kutoka vilima vya Bura, na bado maji ndiyo yaliyoamua jeshi lilale wapi. Treni ya Maktau isiyo na maji ni uongo kuliko hata kanuni ya paa. Matangi ya mraba ni rahisi: plastiki ya mm 14 kila upande, ambayo ni kama mita 1.2, mfuniko wa duara juu, na kamba za kufungia. Chini ya kila tangi paka giza kidogo la unyevu, na kutu ishuke pembeni.

Rangi nayo: acha kijivu. Hapa kila kitu kinakuwa chekundu ndani ya juma moja. Chukua udongo wenyewe, ukikosa safari nitakupa mfuko ukipita Voi. Ukaange kwenye sufuria kavu kuua wadudu, uchuje kwa soksi ya nailoni. Kisha, hili ni muhimu, funga sumaku kwenye karatasi ya nailoni na uipitishe ndani ya udongo mara nyingi. Udongo wetu una chembe za chuma, zikiingia kwenye mota ya kichwa chako utalia. Baada ya hapo pakaa kwa brashi kavu: nyingi chini karibu na magurudumu, chache juu, na kwenye paa vumbi tu.

Na mbuyu uweke mmoja. Mmoja, sio msitu.

Express_ya_Nanyuki

Kwa nini kujitesa? Fanya 1940. Askari wa KAR (King's African Rifles) walipanda treni za kawaida za KUR (reli ya Kenya na Uganda) kwenda Nanyuki, wakaendelea kwa malori kuelekea Habeshi. Behewa halihitaji chochote, unaongeza askari dirishani na malori stesheni.

Reli_Nyembamba

Mkuu, ushauri mzuri ila moyo wangu uko Maktau.

Swali la mwisho kwa wote. Behewa fupi lililobaki nataka liwe la majeruhi wanaorudi Voi. Na watu wa kuweka ni wa aina gani? Nina pakiti ya vinyago vya Preiser vya abiria wa Kizungu wenye masanduku.

Mkaguzi_wa_Njia

Behewa la majeruhi halitangulii na halifungwi karibu na mchanga, liweke mwisho kabisa. Ng'oa viti vyote, gandisha machela za karatasi, ngazi mbili kila upande, acha madirisha wazi. Msalaba mwekundu kwenye mraba mweupe, mmoja kila ubavu, na uuchafue.

Watu: mwaka 1915 pale kulikuwa na Wahindi wengi kuliko mnavyodhani, wakiwemo Wabaluchi wa kikosi cha 130. Makaburi ya Wahindi yapo Maktau hadi leo. Kulikuwa na vikosi vya Waingereza vya Loyal North Lancashire na Fusiliers wa 25, Warodeshia, na KAR. Wasauzi wengi wanaingia mwanzoni mwa 1916, ndio walioumia kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari, kwa hiyo kama tarehe yako ni 1915 usiwaweke. Wale abiria wa Preiser wakate kofia, jenga vilemba kwa gundi nyeupe na uzi wa pamba. KAR wape tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki.

Lakini kundi kubwa zaidi kwenye ubao wako liwe wapagazi. Mzigo ukishuka kwenye treni ulipanda kichwani mwa mtu. Waweke wamejipanga kutoka behewa la matangi hadi ukingo wa ubao. Modeli nyingi za vita hii zina maofisa watano wanaonyoosha vidole na hakuna hata mtu mmoja aliyebeba kitu.

Chubwi_Tanga

Na kichwa chako kisibebe makaa ya mawe! Reli ya Uganda ilichoma kuni. Kata vijiti vya mwarobaini vya mm 7 hivi, virundike hadi vimwagike kidogo.

Reli_Nyembamba

Mtaita, nashuka Voi Jumamosi. Nitafutie huo mfuko wa udongo, na unionyeshe tuta lilipo.

Mtaita_wa_Mwatate

Karibu sana. Njoo asubuhi kabla ya jua, na uje na viatu vya maana. Kuna miiba.